Picha za harusi ya mwaka 2006 ziko wapi?

Kuna jambo ninaloliona kila ninapokwenda msibani. Turubai limeshafungwa, viti vimepangwa, wazee wamekaa upande wao na kina mama wameshika jiko. Ndani, kijana mmoja wa familia amepewa kazi ya kutafuta picha za marehemu: moja ya kuweka kwenye fremu, nyingine chache za kuchapa kwenye karatasi ya ratiba. Kabati linafunguliwa, albamu inatolewa, na humo marehemu yupo, kijana wa mwaka 1979, suruali ya bugaluu na nywele za afro, nyuma yake pazia la studio. Simu zinatolewa, na humo marehemu yupo, mzee wa mwaka 2021 aliyeshika fimbo. Katikati hapo hakuna kitu. Mtu aliyejenga, aliyeozesha, aliyekuwa mwenyekiti wa kila kikao cha harusi cha ukoo mzima, miaka yake ya nguvu haina sura. Mwisho wake inachukuliwa picha ya kitambulisho, inakuzwa mpaka uso unavurugika, na hiyo ndiyo inayowekwa kwenye fremu.

Wala si kwamba miaka hiyo hakupigwa picha. Alipigwa sana. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpaka simu zilipochukua kazi hiyo, kamera ndogo za dijitali zilikuwepo kwenye harusi, kipaimara, maulidi, mahafali na vikao vya Pasaka kijijini. Watu wa rika langu tunazikumbuka kwa mapenzi: ule mlio mfupi zinapowashwa, lenzi inayochomoza, kioo kidogo cha nyuma kilichokusanya vichwa vitano kwa mara moja. Kwa mwaka mmoja tulipiga picha nyingi kuliko ambazo wazazi wetu walipigwa maisha yao yote. Hizo hizo ndizo ambazo leo hatunazo.

Nasema wazi: pengo hili halikuletwa na umaskini, wala halitazibwa na simu mpya. Sehemu kubwa ya picha hizo bado ipo, imelala kwenye kadi, CD na kompyuta mbovu ndani ya nyumba zetu wenyewe, na kila familia inapaswa kuzitafuta mwaka huu, kuzitoa, na kuzisafisha zile za maana kwenye karatasi. Tukisubiri miaka mingine kumi, nyingi hazitakuwepo.

Mkanda ulikuwa ghali, lakini uliacha kitu mkononi

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Mkanda ulikuwa na picha 24 au 36, na kila moja ilikuwa hela. Mpiga picha hakubonyeza ovyo. Watu walipangwa, watoto wakanyooshwa kola, mzee akavishwa koti, kisha mpiga picha akahesabu, akapiga. Kisha mkanda ukapelekwa kusafishwa mjini, na kwa aliyekaa mbali na mji ilimaanisha wiki mbili, mwezi, au mpaka mkanda wenyewe uishe. Wengine walikaa na mkanda mmoja ndani ya kamera tangu Krismasi mpaka Pasaka.

Lakini angalia utaratibu ule ulivyoisha. Ulirudi nyumbani na bahasha yenye picha za karatasi, na pembeni yake vipande vya negativu vya rangi ya kahawia. Picha ikichanika, negativu ipo. Negativu ikipotea, picha ipo kwa shangazi yako Morogoro, kwa kuwa ulimtumia nakala. Hukuhitaji umeme kuiona wala nenosiri kuifungua. Bibi asiyejua kusoma aliweza kufungua albamu na kumsimulia mjukuu ukoo mzima kwa kidole.

Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na baadaye kuendeshwa na mwanawe, Rohit. Kwa miaka mingi kuta zake zilijaa picha za mitaa ya Unguja, za masultani, za viongozi wa Mapinduzi na za watu wa kawaida waliokwenda kupigwa wakiwa wamevaa vizuri. Hakuna aliyehitaji programu maalumu kuziona. Zilihitaji sehemu kavu na mtu wa kuzitunza. Ni studio ngapi za mtaani kwetu zilizofunguliwa mwaka 2005 ambazo zitaweza kumwonyesha mtu lolote mwaka 2080?

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo siandiki haya kuisifu enzi ya mkanda na kuibeza iliyofuata. Ilipokuja kamera ya dijitali tulikuwa na sababu ya kuipenda, na sababu ile haikuwa ya kijinga.

Siku tulipoanza kujiona papo hapo

Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 huko Rochester, Marekani, na mhandisi kijana wa Kodak, Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ilipiga picha nyeusi na nyeupe za megapikseli 0.01, na ilitumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Ilichukua miaka ishirini mpaka kifaa hicho kikawa kitu cha mtu wa kawaida kushika. Mwaka 1995 Casio walitoa QV-10, ambayo ubora wake ulikuwa mdogo sana, megapikseli 0.25, lakini nyuma ilikuwa na kioo cha kuonyesha picha uliyoipiga. Mwaka 1997 Sony wakaleta Mavica zilizohifadhi picha kwenye flopi ya kawaida ya kompyuta, ile ya megabaiti 1.44. Mwandishi au ofisa wa mradi alitoka uwandani na mfuko wa flopi, akaingia ofisini, akachomeka, picha zikaonekana.

Kwetu zilianza kuonekana mikononi mwa waandishi wa habari, wafanyakazi wa miradi na ndugu waliokuja likizo kutoka Dubai, Muscat, London au Toronto. Baadaye zikajaa madukani. Ya kwanza niliyoishika kama yangu ilikuwa Canon PowerShot A75, megapikseli 3.2, betri nne ndogo zile za rimoti, na kadi ya CompactFlash ya megabaiti 32. Ilifika kwa mkono wa ndugu, imefungwa ndani ya soksi katikati ya sanduku. Jirani walikuja kuiona kabla hata haijapigiwa picha.

Ngoja nieleze kilichotokea kwenye sherehe ya kumfunda bi harusi mwaka 2005, kwa sababu mambo ya namna ile yalitokea kila mahali. Shangazi yetu mmoja, mama wa heshima zake, alikuwa amepigwa picha maisha yake yote kwa amri ya mpiga picha: kaa hapa, tazama huku, usicheke. Siku hiyo akapigwa, akageuziwa kamera, akajiona. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, hii futa. Nimefumba macho, na kilemba kimekaa upande." Akakitengeneza kilemba, akavuta kanga begani, akakaa tena, akapigwa, akaomba kuona. Ya tatu ndiyo aliyoikubali. Wanawake wengine wakapanga foleni nyuma yake, na kila mmoja alitaka kupigwa, kujiona, na kukubali mwenyewe.

Ile haikuwa anasa. Kwa mara ya kwanza mtu anayepigwa alikuwa na kauli juu ya sura yake itakavyobaki. Kabla ya hapo ulilipa kwanza, ukasubiri wiki, ukapewa picha uliyofumba macho, na hela yako imekwenda. Kioo kile cha nyuma, kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti, kilimpa shangazi yetu haki ambayo studio zote za mjini hazikuwahi kumpa. Ndiyo maana siwezi kuzisema vibaya kamera zile.

Tatizo liko kwenye hiyo picha ya tatu, aliyoikubali. Haikusafishwa. Ilibaki ndani ya kadi.

Ilipita njia gani mpaka ikapotea

Kadi ya megabaiti 32 iliingiza picha zisizofika ishirini za ubora wa juu kwa kamera ya megapikseli 3.2. Kadi kubwa zilikuwa ghali. Kwa hiyo watu walifanya mambo mawili, na yote mawili yaliumiza. Kwanza, walishusha ubora mpaka pikseli 640 kwa 480 ili kadi ibebe picha nyingi. Pili, walifuta. Nawakumbuka wale vijana wa kamera ukumbini: kadi imejaa, keki inakaribia kukatwa, kijana amechuchumaa nyuma ya spika akichagua cha kufuta. Anafuta picha za mchana za kumpokea mgeni, za wazee waliokaa chini ya mwembe wakila pilau, ili apate nafasi ya keki. Leo keki haina maana kwa mtu yeyote, na wale wazee wamelala makaburini.

Betri nazo zilikuwa na mambo yake. Betri za bei rahisi, zinazotosha redio kwa wiki kadhaa, kwenye kamera zilikufa baada ya picha chache. Kila zilipotolewa na kamera ikakaa kabatini muda mrefu, saa ya ndani ilirudi mwanzo. Ndiyo maana ukibahatika kupata picha za enzi hizo unakuta harusi ya Desemba 2007 imeandikwa kwa rangi ya machungwa kwamba ilifanyika tarehe 1 Januari, mwaka ambao bi harusi alikuwa bado yuko sekondari.

Kutoka kwenye kadi, picha ilihamia kwenye kompyuta, na mara nyingi kompyuta hiyo haikuwa ya mwenye picha. Ilikuwa ya kazini kwa mjomba, ya intaneti kafe, ya rafiki aliyesoma kompyuta. Waya wa kamera ulikuwa wa aina yake, haukuingiliana na wa kamera nyingine. Kadi zenyewe hazikufanana: CompactFlash tangu 1994, SmartMedia mwaka uliofuata, Memory Stick ya Sony mwaka 1998, SD iliyotangazwa mwaka 1999, xD ya Olympus na Fujifilm mwaka 2002. Familia moja yenye ndugu watatu ingeweza kuwa na kadi za aina tatu ambazo hakuna iliyoingia kwenye kamera ya mwenzake. SmartMedia na xD zilikwisha kutengenezwa zamani, na kifaa cha kuzisomea leo lazima ukitafute kwa makusudi.

Wenye bahati walichomewa CD. CD ya kuchoma nyumbani huandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto, unyevu na jua, vitu ambavyo havipungui Tanga, Mombasa na Bujumbura. Wengine walihamishia kwenye flashi, na hapo wakakutana na virusi. Nani asiyekumbuka kufungua flashi akakuta folda zote zimegeuka vialama visivyofunguka? Watu walilia, kisha wakaambiwa dawa ni kuisafisha flashi nzima ianze upya. Katika hali nyingi za namna ile picha zilikuwemo bado. Kirusi kilizificha tu. Dawa ndiyo iliyoua.

Na kompyuta ya nyumbani? Mwaka 2006 tulikuwa na mgawo mkali wa umeme nchini Tanzania. Umeme ukirudi ulirudi kwa kishindo, na kompyuta nyingi ziliungua vifaa vya ndani. Zikapelekwa kwa mafundi. Ninayo familia ya karibu ambayo fundi wao wa mtaani alirudisha kompyuta ikiwaka kama mpya kabisa, na ilikuwa mpya kweli: alikuwa amefuta kila kitu na kuweka Windows upya, bila kuuliza. Picha za miaka minne ya watoto wao, tangu mimba mpaka chekechea, zilikuwa humo na si pengine.

Jiulize pia kwa nini hazikutumwa kwa ndugu kama zilivyotumwa za karatasi. Kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijawashwa Julai 2009, intaneti yetu ilipita kwa satelaiti, polepole na kwa bei kubwa. Kupakia picha kumi ilikuwa saa nzima ya kafe. Waliojitahidi waliziweka hi5 au Myspace, mitandao ya vijana kabla Facebook haijashika. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba picha, video na nyimbo za miaka iliyotangulia zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Huduma ya Yahoo Photos ilifungwa mapema zaidi, mwaka 2007. Waliotegemea akaunti hizo waliachwa bila albamu.

Hata picha zilizosalimika hazijulikani ni za nani. Kamera ilizipa majina yake yenyewe: za Nikon zilianza na DSCN, za Fujifilm DSCF, za Canon IMG, zikifuatwa na tarakimu nne. Nyuma ya picha ya karatasi baba aliandika kwa kalamu: "Mimi na shemeji Hamisi, Tabora, Idi Mosi 1984." Nyuma ya DSCN0412 hakuna mahali pa kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hivi ndivyo inavyopotea: faili ipo, inafunguka, sura zinaonekana, na hakuna tena aliye hai wa kusema yule wa kushoto ni nani.

Nani anaumia

Anayeumia zaidi ni mtoto aliyezaliwa kati ya mwaka 2002 na 2012. Nimeyasikia malalamiko haya kwenye nyumba zaidi ya moja. Kaka yake wa 1990 ana picha ya ubatizo, ya kutembea, ya siku ya kwanza ya shule akiwa na mkoba mkubwa kuliko mgongo. Mdogo wa mwisho, wa 2014, ana picha elfu kwenye simu ya mama. Wa katikati hana. Ukipitia albamu ya nyumbani na simu hiyo unaona watoto wawili wanakua na wa tatu anatokea ghafla akiwa na miaka kumi. Mama anajitetea: "Tulikupiga sana, mwanangu, tena wewe kuliko wote." Anasema kweli. Lakini mtoto anahitaji kuona, na hakuna cha kumwonyesha. Je, tumwambie aamini tu?

Anaumia pia mjane ambaye ndoa yake ilidumu miaka saba, yote ndani ya kipindi hicho. Wanaumia wanaukoo wanapokaa kikao cha kugawana shamba na kubishana mti wa mpaka ulikuwa wapi, ilhali miaka ile kuna mtu alipiga picha shamba zima siku ya kuweka msalaba juu ya kaburi la babu.

Na kuna miji yetu. Kivuko cha Kigamboni kabla ya daraja kufunguliwa Aprili 2016, barabara ya Morogoro kabla ya mabasi ya mwendokasi, barabara ya Thika kabla haijapanuliwa: yote haya yalikuwa nyuma ya watu waliokuwa wakipigana picha wenyewe kwa wenyewe bila kufikiria historia. Kwa upande wa habari tunashukuru wapo waliochapisha. Muhidin Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, aliweka mbele ya Watanzania, wa nyumbani na wa ughaibuni, picha za kila siku za nchi yao. Bila kazi ya watu kama yeye, miaka ile ingekuwa na giza zaidi. Ila blogu inaonyesha viongozi, sherehe na barabara. Haikuwa na kazi ya kuonyesha sebule yako.

"Si sasa tuna simu na hifadhi ya mtandaoni?"

Hoja hii nimepewa na vijana, na inastahili jibu. Kwanza, simu haikurudisha kilichopotea. Pili, ugonjwa ni ule ule, umebadili chumba tu. Simu inaibwa Manzese, inaanguka majini, inabadilishwa. Akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na picha zake, kwa utaratibu ulioanza kutekelezwa Desemba 2023. Marehemu haingii kwenye akaunti yake. Ni familia ngapi zinajua nenosiri la baba?

Mwaka 2015 Vint Cerf, mmoja wa waliobuni misingi ya intaneti yenyewe, alionya hadharani kwamba karne hii inaweza kuja kuonekana kama kipindi cha giza kwa sababu mafaili yake hayatafunguka, akashauri kwamba picha unazozijali uzichape kwenye karatasi. Kama mmoja wa walioijenga nyumba anasema tusiweke vitu vyote humo, kwa nini sisi wapangaji tumbishie?

Hoja ya pili huwa ni kwamba picha zile hazina ubora, kwamba megapikseli mbili au tatu za mwaka 2004 ni aibu mbele ya simu ya leo. Hapa watu wanadanganyika, na hesabu yake ni rahisi. Kuchapa picha ya ukubwa wa kawaida wa albamu, inchi 4 kwa 6, kwa ubora mzuri wa dukani, kunahitaji pikseli 1800 kwa 1200. Kamera ya megapikseli 3.2 ilitoa 2048 kwa 1536. Imezidi. Kwa upande mwingine, picha nzuri ya simu ya leo ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, bila kuchagua ubora wa juu, hupunguzwa mpaka takriban pikseli 1600 upande mrefu. Yaani ile picha halisi ya shangazi ya mwaka 2005, ikitolewa kwenye kadi yake, ni kubwa kuliko nyingi mnazorushiana kwenye kundi la familia leo. Hatujui kwamba ni nzuri kwa sababu tuliiona kwenye kioo cha inchi mbili pekee.

Pa kuanzia

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na safari hii vitu vyenyewe viko mvunguni kweli: kwenye sanduku la waya zilizokufa, kwenye kopo la biskuti lenye vifungo na sindano, kwenye mkoba wa kamera uliokaa juu ya kabati. Kwanza fungua sehemu ya betri. Betri zilizoachwa humo huvuja na kula vyuma, na kamera nyingi zimekufa hivyo. Kisha toa kadi. Usiirudishe kwenye kamera kujaribu kama inafanya kazi, na kamera au kompyuta ikikuuliza kama uifomati, kataa.

Kadi hizi huhifadhi picha kwa chaji ndogo za umeme ambazo huvuja taratibu mwaka hadi mwaka. Hazikutengenezwa zikae miaka hamsini. Ndiyo sababu nasema mwaka huu, si siku moja tukipata nafasi. Tafuta kifaa cha kusomea kadi, kile mafundi wanachokiita kadi rida. Vipo vinavyosoma aina kadhaa kwa pamoja, na duka la vifaa vya kompyuta likikosa, mpiga picha wa zamani huenda anacho. Ndani yake kuna folda iitwayo DCIM. Ikiwa tupu, usikate tamaa. Picha inapofutwa, kinachoondolewa kwanza ni kumbukumbu ya mahali ilipo. Picha yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec inayochimba mafaili ya namna hiyo, na kijana yeyote anayejua kompyuta kidogo anaweza kuiendesha. Kwa njia hii hata baadhi ya wale wazee wa chini ya mwembe, waliofutwa kwa ajili ya keki, wanaweza kupatikana ikiwa nafasi yao haikujazwa yote na picha za baadaye.

Zikishatoka, weka nakala mahali pawili au zaidi, moja nje ya nyumba. Kisha chagua. Usisafishe zote mia nne, hakuna atakayezitazama. Chagua thelathini, hamsini, zile zenye watu. Peleka studio, zisafishwe kwenye karatasi ya picha, ununue albamu. Siku ya Idi au Krismasi wakiwepo wazee, zipitishwe mkononi moja moja, na mtu akae na kalamu akiandika nyuma: nani, wapi, sherehe gani. Tarehe ya kamera usiiamini. Mama atakuambia ilikuwa mwaka ule mvua zilipobomoa choo, na mwaka huo utaupata.

Vijana nao wana sehemu yao. Siku hizi wanazitafuta kamera hizi za zamani kwa udi na uvumba, wanapenda rangi zake na mwanga wake mkali. Nawaunga mkono. Kamera mpya zimepungua sana: mwaka 2010 kampuni za Japani zilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Ukiona mjomba anataka kuiuza ya kwake kwa bei ya kutupa, mwombe kwanza kadi iliyomo. Na wewe uliyenunua ya mtumba ukakuta humo harusi ya watu usiowajua, mrudie aliyekuuzia umwulize ilitoka kwa nani.

Nimalizie na wapiga picha wa mitaani, kwa kuwa hao ndio wenye hazina kubwa kuliko sisi sote. Yule aliyepiga harusi yenu mwaka 2006 alikuwa na studio, kompyuta na diski kadhaa zilizojaa sherehe za kata nzima. Wengi wameshafunga, simu ziliwaondolea wateja, na wamehamia kwenye bodaboda, vipodozi au miamala ya fedha. Diski zao ziko stoo, au zinauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na halmashauri zetu zingefanya kazi kubwa kwa kuwatafuta watu hawa na kuwalipa kwa hazina hiyo. Kabla hilo halijafanyika, mtafute wa kwenu. Nenda naye kwa heshima, mlipe muda wake, maana picha zile amezitunza bila malipo karibu miaka ishirini. Mwambie jina la bwana harusi, jina la ukumbi na mwezi. Wengi wao bado wanakumbuka folda ilipo.